Msomaji Namba Kumi na Nne

Mimi ni fundi cherehani, na ninaanza kwa kusema hivyo ili mtu asije akanihoji mambo ya kompyuta. Siyajui. Ninachokijua nimekisikia kwa binti yangu, na binti yangu akianza kueleza hata ukuta unachoka. Lakini yaliyotukuta humu ndani nimeyaona kwa macho haya mawili, na nikimsikia mtu sokoni anasema "yule msichana aliyemchomea baba yake kazini," damu inanichemka mpaka masikioni. Hakumchomea. Kaeni chini niwaeleze.

Mume wangu alikuwa msoma mita wa idara ya maji. Miaka ishirini na sita. Mtaani walimwita Bwana Mita, na wengine hata jina lake halisi hawakulijua. Kila mwezi alizunguka kwa miguu nyumba mia tatu na kitu, anainama kwenye mita, anafuta kioo kwa dole gumba, anasoma namba, anaandika. Dole gumba lake la kulia lilikuwa halitakati tena hata ulisugue kwa jiwe. Viatu alimaliza jozi mbili kwa mwaka. Mbwa wa eneo lake aliwajua kwa tabia, huyu anabweka bure, huyu hasemi neno lakini anauma. Ukimuuliza nyumba fulani ina watu wangapi anakutajia, na mgeni aliyefika wiki iliyopita anamhesabu, kwa sababu mita imeshamwambia.

Mtoto wetu ni mmoja, msichana, na baba yake ndiye aliyempachika jina la Kalkuleta. Akiwa darasa la pili alikuwa anakaa chini ya meza yangu ya kushonea anaokota pini zilizoanguka. Siku moja akanyanyua kichwa akaniambia, "Mama, zilikuwa hamsini, hapa ziko arobaini na nane. Mbili umeziacha kwenye gauni la watu." Nikampigia simu mwenye gauni. Kumbe alikuwa ameshazigundua, na hakuzigundua kwa mkono. Tangu siku hiyo mteja yule hakurudi, na Kalkuleta akabaki na jina lake.

Basi akakua, akafaulu, akasema anataka chuo kikuu, asome uhasibu na fedha pamoja na uchambuzi wa data. Nikamwambia, "Mwanangu, uhasibu peke yake haukutoshi? Mbona kozi ina majina mengi kama hati ya kiwanja?" Baba yake akanikatiza. "Mwache. Siku hizi hata sisi daftari limekwisha, tunatembea na kimashine." Kweli, idara ilikuwa imewagawia vimashine vya mkononi. Unaandika namba uliyoisoma kwenye mita, unabonyeza, kinakupeleka nyumba inayofuata. Usipoandika namba hakisogei. Unaweza kusimama pale mpaka uote mizizi, kinakungoja tu.

Mwaka wa kwanza ulikuwa wa debiti na krediti, na nyumba nzima tuliusoma pamoja naye. Baba yake akiomba chai, Kalkuleta anasema, "Debiti baba, krediti mama." Urari wake ukikataa kulingana hata kwa senti moja, hali chakula, anapekua makaratasi huku ananung'unika mpaka aipate senti yake. Nilikuwa nampa shilingi nikimwambia chukua hii ujazie, tule. Ananiangalia kama nimemwambia tukaibe.

Mwaka wa pili wakaingiza takwimu na kuandika programu, na kicheko kikapungua. Alikuwa na kompyuta ya mitumba ambayo kitufe cha herufi moja kilikuwa kimeng'oka, anakibonyeza kwa kichwa cha pini yangu. Siku moja akaniambia kwamba katika kozi yao kazi kubwa si kuchambua, kazi kubwa ni kusafisha. Nikafurahi jamani, nikadhani hatimaye limekuja somo ninaloliweza. Kumbe wanasafisha namba. Zilizorudiwa wanazifuta, zilizokosewa wanazirekebisha, na mahali palipo tupu wanapajaza, maana programu nayo haitaki kuona nafasi tupu. Alichukua hata daftari langu la wateja akalisafisha, akalichambua, akaja na jibu. "Mama, wateja wanaolia shida unawashonea kwa nusu bei. Na wote wanalia." Nikamwambia kompyuta yake haina adabu.

Baba yake alikuwa anamsikiliza kuliko mimi. Akirudi kazini, viatu mkononi, anakaa kwenye ngazi na kumwambia, "Haya, nipe somo la leo." Hakuelewa nusu, lakini alikuwa anatikisa kichwa kwa heshima. Nyumba yetu tulikuwa tumepanga, vyumba vitatu. Kiwanja tulikuwa nacho, kuta zimefika usawa wa madirisha, zimeota majani. Kilichobaki kilikuwa kinangoja kiinua mgongo chake akistaafu. Nataka mlielewe hilo kabla sijaendelea. Kiinua mgongo ndicho kilikuwa paa letu.

Mwaka wa mwisho kila mwanafunzi lazima afanye utafiti wake, bila huo hupati shahada. Aliyemsimamia Kalkuleta ni mhadhiri mmoja wanayemwita Daktari. Niliposikia mara ya kwanza nikamwomba amuulizie habari za magoti yangu. Akacheka mpaka akashika tumbo, akasema, "Mama, huyu ni daktari wa namba." Daktari wa namba akamwambia atafute taasisi yenye data za kweli. Kalkuleta akawaza, akamgeukia baba yake. Maji yanapotea, idara inalia hasara kila mwaka. Je, akitengeneza programu ya kuwagundua wasoma mita wanaopika namba?

Mume wangu aliruka kwa furaha. Namkumbuka vizuri. Alivaa shati lake la bluu la harusini, akaipeleka barua ya chuo kwa mkono wake mwenyewe mpaka kwa katibu wa bosi, akakaa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka saa nane mchana ipate kusainiwa. Masharti yalikuwa mawili. Data itatolewa bila majina, wasoma mita waitwe kwa namba na nyumba nazo zifichwe kwa namba. Na utafiti ukimalizika, nakala ipelekwe idarani siku hiyo hiyo inapopelekwa chuoni. Alirudi na barua ameikumbatia. Mtu anaweza kuuliza, hakuogopa? Aogope nini? Haikumpitia akilini hata chembe kwamba anayetafutwa anaweza kuwa yeye.

Kalkuleta aliifanya kazi ile miezi mitano. Usomaji wa miaka mitano, safu kwa safu. Alikonda. Akaimaliza Ijumaa moja, akaituma kwa barua pepe chuoni, akaituma na idarani kama walivyokubaliana.

Jumapili mchana tulikuwa mezani watatu. Alikuwa na furaha, hata sahani alipakua yeye. Akasema, "Baba, nimemkamata mwizi."

"Mshenzi gani huyo?" baba yake akauliza, mdomo umejaa. "Atajwe! Watu kama hao ndio wanaotuchafulia jina."

"Jina silijui. Ni Msomaji Namba Kumi na Nne. Programu imempa alama mbaya kuliko wote. Ana nyumba ambazo kila mwezi zinatumia uniti sita, saba, sita, sita, saba. Miaka mitatu mfululizo, baba! Hakuna nyumba inayotumia maji hivyo. Huyo hajafika hata getini, anakaa kivulini anajaza."

Mume wangu akaacha kutafuna. "Nyumba ngapi?"

"Arobaini na moja."

Akaweka kijiko chini polepole. Akainuka, akaenda chumbani, akarudi na daftari lake dogo lenye jalada la plastiki, lile alilokuwa anakaa nalo mfuko wa shati tangu siku za kalamu. Akalifungua, akaligeuza mbele ya mtoto. Ilikuwa orodha ya mita zilizokufa, yaani mita ambazo mshale umekwama na hausogei tena. Kila moja na namba ya nyumba na tarehe aliyoitolea taarifa. Kalkuleta akaanza kuzihesabu kwa kidole. Mimi sikuhitaji kuhesabu, niliuona uso wake.

"Huyo ni mimi," mume wangu akasema.

Nieleze sasa jambo lenyewe, maana ni la watu wa mita tu, mtu wa nje hawezi kulibuni. Mita ikifa, msomaji anajaza fomu anaipeleka karakana ili ibadilishwe. Alizijaza zote. Karakana haikuwa na mita mpya. Mwezi ukifika, yuko mbele ya mita iliyokufa na kimashine mkononi, na kimashine kinataka namba. Hakuna mahali pa kuandika "imekufa." Akaenda kwa mkuu wake wa wakati ule, akamuuliza afanyeje. Mkuu akamjibu akiwa anaingia kwenye gari, "Weka wastani, mita mpya zinakuja." Wastani wa miezi mitatu kabla haijafa. Akaweka. Mwezi uliofuata akaweka. Miaka mitatu mita mpya zikawa zinakuja tu. Hakuona kama anadanganya, alikuwa ametumwa. Wala hakuomba karatasi. Nani anamwomba bosi wake karatasi?

Nikasema haya, si daftari lipo? Si mita zenyewe zipo, waende wakazione? Mume wangu akanitazama kama mtu anayemwonea mwenzake huruma. Mita mpya zilikuwa zimefika hatimaye, mwezi wa tatu mwaka ule, zikafungwa zote. Zile za zamani zilipakiwa kwenye lori, zikapimwa kilo, zikauzwa vyuma chakavu.

Jumatatu asubuhi Kalkuleta alikuwa mlangoni kwa Daktari kabla hajafika. Akamweleza yote, analia. Daktari alimsikiliza, nasema kweli, si mtu mbaya. Akamwambia, "Matokeo yako ni sahihi. Programu haikusema ni mwizi, imesema anatiliwa shaka. Haya maelezo yaandike kwenye sura ya mapungufu ya utafiti." Akaandika aya nzima. Akaipeleka idarani yeye mwenyewe. Katibu akamwambia, "Binti, ripoti imeshaenda kwa wakubwa. Hii karatasi nitaiambatanisha." Mpaka leo sijui aliiambatanisha na nini.

Mume wangu naye akafunga safari kwa yule mkuu wa zamani, ambaye sasa amestaafu anafuga kuku. Nikamsindikiza. Alitukaribisha vizuri, akatupa soda. Mume wangu akamwambia shida. Yule mzee akakuna kidevu, akatazama kuku wake, akasema, "Ndugu yangu, niliongoza watu sabini. Kwamba nilikwambia weka wastani? Sikumbuki. Labda nilisema, labda sikusema. Nikiandika kitu nisichokikumbuka, na mimi si nitaitwa?" Nilitaka kumwagia ile soda. Mume wangu akanishika mkono, akamshukuru. Alimshukuru, jamani! Njiani nilimsema mpaka tukafika.

Hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Mimi ni mtu wa kelele. Shida ikija naifokea, na nyingi zinaondoka. Hii niliifokea ikanitazama tu. Nilikwenda mpaka geti la idara, nikapaza sauti, nikasema miaka ishirini na sita, nikasema mbwa wamemng'ata mara nne. Mlinzi ananijua, suruali zake nazipunguza mimi. Akanijia taratibu, akasema, "Mama Kalkuleta, rudi nyumbani. Humu ndani hakuna anayekusikia, madirisha wamefunga kwa ajili ya kiyoyozi." Nikarudi.

Wiki ya tatu akaitwa kwenye kikao. Alivaa lile shati la bluu. Aliporudi alinihadithia yote kwa dakika mbili. Watu watano, meza ndefu, ripoti ya mtoto wetu imechapishwa kwa rangi, mbele ya kila mmoja nakala yake. Akaona mchoro, nukta nyingi za kijivu na chache nyekundu. Nyekundu ni zake. Akaniambia, "Mchoro ni mzuri sana, mama nanii. Kazi safi." Mwenyekiti alikuwa na hoja moja zaidi. Mita mpya zilipofungwa, nyumba zile zile zikaanza kuonyesha uniti kumi na mbili, kumi na tano. Kwa hiyo alikuwa anawafichia wenye nyumba matumizi yao, na lazima walikuwa wanampa kitu. Mume wangu akasema watu wameongezeka kwenye zile nyumba, watoto wamezaliwa, vyumba vimepangishwa, na akaanza kuwatajia nyumba kwa nyumba. Wakamwambia inatosha. Akawaonyesha daftari. Wakamwambia hili umeliandika mwenyewe. Zile fomu za karakana hazikuonekana.

Kisha mwenyekiti akamuuliza, "Swali ni moja. Hizi namba ulizisoma kwenye mita, au hukuzisoma?"

"Mita zilikuwa zimekufa."

"Jibu swali, mzee."

"Sikuzisoma."

Nikamrukia. "Kwa nini usingesema ulizisoma? Mita zenyewe si zimeshayeyushwa? Nani angejua?" Akavua shati, akalitundika vizuri kwenye msumari. Akasema, "Ningezisoma vipi, na zimekufa?" Nililia kwa hasira siku ile, si kwa huzuni. Huzuni ilikuja baadaye.

Barua ikafika baada ya siku tisa. Kughushi kumbukumbu za kazi. Kuachishwa kazi mara moja, bila kiinua mgongo. Ilikuwa imebaki miezi saba astaafu. Mtaani wakasema Bwana Mita unga umemwagika, na wengine wakaongeza chumvi, kwamba ndiyo maana mtoto wake alisoma chuo, kumbe kwa hela za mita. Kukata rufaa inawezekana, mwanasheria mmoja alitueleza, tulete tu kielelezo cha maandishi. Tungekuwa nacho tungekwenda kwake kufanya nini?

Kalkuleta alisema hasomi tena. Alikuwa amebakiza kuutetea utafiti wake mbele ya wahadhiri, basi. Akasema afadhali akose shahada kuliko kusimama na mchoro ule. Baba yake akamwita sebuleni. "Utakwenda. Mimi nimeshapoteza changu. Na wewe ukipoteza chako, itamsaidia nani? Hebu simama hapo, unipe somo la leo."

Akasimama mbele ya kabati, kompyuta juu ya cherehani yangu, akaanza kujaribia. Akaeleza data aliipata wapi, ina mistari mingapi. Akafika mahali pa kusafisha. "Kulikuwa na miezi ya siku za daftari ambayo usomaji umekosekana," akasema. "Nafasi hizo tulizijaza kwa wastani wa miezi mitatu iliyotangulia, kama inavyokubalika katika..."

Baba yake akainua mkono, kama mwanafunzi. "Swali."

Akageuka kutoka kwenye kompyuta.

"Mmejaza wastani?"

"Ndiyo, baba."

"Wa miezi mitatu?"

Hapo ndipo alipoyasikia maneno yake. Kwa miezi mitano alikuwa ameipita sentensi ile mara mia, na nadhani hakuwahi kuisikia. Akasema haraka haraka, "Lakini baba, sisi tumesema. Tumeandika kabisa kwamba tumejaza. Kuna safu kando, kila namba tuliyojaza ina alama."

"Kando," mume wangu akasema. Hakuwa na hasira, ningependa angekuwa nayo. "Kimashine changu hakikuwa na kando, mwanangu."

Kalkuleta akakaa chini sakafuni palepale, akalia kama alipokuwa mdogo. Baba yake akamwacha alie, kisha akamwambia aendelee, alikuwa hajafika kwenye mchoro.

Alipata alama ya juu kabisa. Daktari alisema ni kazi bora kwa miaka mingi. Kwenye mahafali tulikwenda wote wawili, na jina lake liliposomwa mume wangu alipiga makofi mpaka wa mbele yetu wakageuka. Nami nikapiga makofi. Niliona fahari, msidhani sikuona, na wakati huo huo macho yangu yalikuwa yanatafuta mlango wa kutokea.

Aliomba kazi sehemu kumi na tisa. Mwezi wa nne wa kungoja ikajibu moja tu, idara ya maji. Wameipenda ile programu, wanamtaka aiendeshe, mkataba wa miezi sita. Akasema heri afe. Baba yake akamuuliza, "Kodi ya nyumba analipa nani? Cherehani ya mama yako?" Mimi nikanuna kidogo kwa cherehani yangu kutajwa, lakini alisema kweli. Siku ya kwanza alimpigia rangi viatu, akamwelekeza njia ya mkato isiyo na mbwa. Alipokwenda, mume wangu alikaa kwenye ngazi hadi saa sita, mikono katikati ya magoti, hana pa kwenda. Sikujua nimfanyeje. Nilimpa gauni anishikie nikate nyuzi, akalishika.

Jambo la kwanza aliloomba Kalkuleta kule kazini ni kwamba vimashine viongezewe nafasi, hata kitufe kimoja, cha kusema mita imekufa. Wakamwambia ni wazo zuri sana. Litaangaliwa kwenye bajeti ijayo.

Sasa Jumamosi iliyopita, asubuhi, tuko uani watatu, getini kukabishwa hodi. Ni msoma mita mpya wa eneo letu, dada mmoja mwenye adabu, viatu vyake bado vinang'aa. Akasalimia, "Shikamoo mzee," akainama kwenye mita yetu. Akakaa pale muda mrefu. Hizi mita mpya nazo, miaka miwili haijatimia, zimeanza kukwama.

"Mzee, yenu imesimama. Mwezi uliopita ilikuwa namba hii hii."

Mume wangu akaenda, akainama, akafuta kioo kwa dole gumba. "Imekufa," akasema.

"Sasa niandike nini? Hiki kimashine hakikubali niache wazi."

Mume wangu akanyooka, akamtazama binti yake aliyekuwa amesimama na kikombe cha chai. "Muulize huyo. Yeye ndiye wa ofisini."

Kalkuleta akauliza kwa sauti ndogo, "Mkuu wako anasemaje?"

"Anasema niweke wastani. Eti mita zinakuja."

"Amekuandikia?"

"Aah, ameniambia tu."

"Usiweke!" mume wangu akasema. Tangu barua ile ije sikuwahi kumsikia akipaza sauti. "Usiweke mpaka akuandikie."

Yule dada akachanganyikiwa, akacheka kidogo. "Mzee wangu, nina nyumba sitini zinanisubiri, na hiki hakisogei." Kisha akamgeukia Kalkuleta. "Basi niandikie wewe, dada, si uko ofisini? Mstari mmoja tu. Kwamba mita imekufa, nimeambiwa niweke wastani. Jina na sahihi."

Akamnyooshea kalamu kabisa. Nilimtazama mwanangu. Nilijua anachowaza, maana nilikuwa nawaza hicho hicho: mkataba unaisha mwezi ujao, na kodi tumelipa nusu. Mume wangu alikuwa ametazama chini, kwenye mita.

"Siruhusiwi kusaini," Kalkuleta akasema.

Yule dada akairudisha kalamu mfukoni. Akabonyeza wastani, uniti sita. Kimashine kikalia, kikamwonyesha nyumba inayofuata, akatuaga vizuri, akaenda.